Majani ya Mkarafuu Yaliyofukizwa Udi

Nyote mmeniuliza swali moja: hivi Zuhura, ilikuwaje huko? Mmeniuliza harusini, mmeniuliza kwenye foleni ya benki, na mmoja wenu, anajijua mwenyewe, ameniuliza msibani. Kila nilipofungua mdomo mtu alinikatiza, anataka kujua habari za baridi. Basi hapa hakuna wa kunikatiza. Mambo ya viza na tikiti nayaruka, maana hata yalipokuwa yanatokea yalinichosha.

Wete, kwa ami Faki

Safari ya Ulaya niliianza kwa kuipa Ulaya mgongo. Nilipanda boti kutoka Tanga kwenda Pemba, kwa ami Faki, mdogo wa marehemu baba, kuchukua majani.

Kwa wasiojua kazi yangu: nafundisha fizikia hapa Tanga, na utafiti wangu ni wa mwanga. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishirikiana na wanawake wawili ambao nilikuwa nimewaona kwenye kioo cha kompyuta tu. Jurgita yuko Vilnius, nchini Lithuania, na maabara yake ina leza ambazo sisi huku tunazisoma vitabuni. Rupali yuko Assam, India, na yeye ni mtu wa magonjwa ya mimea. Wazo letu si gumu. Ukilipiga jani kwa mwali wa leza, jani nalo hutoa mwanga wake, hafifu mno, jicho haliuoni. Mti mgonjwa hutoa mwanga tofauti na mti mzima, hata kabla majani hayajabadilika rangi. Rupali alikuwa ameshalijaribu hilo kwenye chai ya kwao. Mimi nikasema tujaribu kwenye karafuu, na Jurgita akatupatia wiki moja ya leza kubwa. Wiki ikiisha ilikuwa zamu ya watu wengine, na zamu yetu nyingine haikujulikana itakuja lini.

Sasa ami. Mikarafuu yake inakufa. Leo mti mzuri, kesho unaanza kukauka kileleni, kisha wa jirani unafuata. Bwana shamba amemwambia akate iliyougua mapema na kuichoma, ndipo mingine isalimike. Lakini utajuaje uliougua, wakati yote bado ni ya kijani? Na katikati ya shamba, ubavuni mwa nyumba, ulisimama mkarafuu mkubwa tuliouita Bibi, kwa sababu bibi yangu mzaa baba aliupanda kwa mkono wake alipoolewa pale. Miti mingine yote imeuzunguka. Kama Bibi ulikuwa mgonjwa, ilibidi ukatwe kabla haujaiua iliyobaki. Kama ulikuwa mzima, ami hakutaka mtu ausogelee na shoka.

"Miye sitaki kubahatisha," aliniambia, huku ananishikia ngazi. "Ukiwa mzima, n'ambie mzima. Ukiwa mgonjwa, usije ukan'onea huruma ukanificha. Na usinipigie simu. Njoo mwenyewe unitazame."

Nikamwahidi. Nilichuma majani ya kila mti, na kila nikimaliza mti najikuta nanusa vidole. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akituvusha kila msimu, na jioni tunakaa kwenye jamvi kuchambua karafuu, kutenga makonyo, vile vijiti vyake, mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Atakayesinzia, bibi mwenyewe, enzi za uhai wake, anamrushia konyo la uso. Nilikuwa nikirudi shuleni Tanga na harufu ile mikononi, na wenzangu wananikimbia. Niliwakumbuka watu wengi pale juu ya ngazi, na wengi wao hawapo tena.

Majani tuliyakausha ndani, kivulini, tukayabana katikati ya karatasi safi. Kila mti na furushi lake, na kwenye lile kubwa niliandika kwa herufi nene: BIBI.

Tanga, kwa mama

Kurudi, bahari ilichafuka. Boti ilirukiwa na maji mpaka ndani, na boksi la majani, ingawa nililikumbatia njia nzima, lilipata unyevu wa juujuu. Majani yenyewe hayakulowa. Nilipofika nyumbani Ngamiani nililiweka sebuleni lipigwe na upepo, nikatoka kwenda kununua soksi nene.

Mama yangu mnamjua. Hawezi kumwacha mtu aondoke nyumbani kwake hivihivi, hata kama anakwenda Pangani na kurudi. Niliporudi na soksi zangu, nyumba nzima ilikuwa inanukia Idi. Chetezo kilikuwa katikati ya ukumbi, kikapu kimepinduliwa juu yake, na mabuibui yangu, magauni, hadi taulo, vyote vimefukizwa udi na kukunjwa. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Boksi la majani lilikuwa limefungwa kamba vizuri, mafundo ya mama yale ambayo huwezi kuyafungua bila kisu.

Nilimshukuru. Naomba mkumbuke kwamba nilimshukuru.

Horohoro

Tulitoka Tanga kwa basi la Mombasa asubuhi, na mpaka Horohoro hapakuwa na la kusimulia. Pale mpakani kijana wa ukaguzi akataka boksi lifunguliwe. Akakuta majani makavu, yamebanwa kwenye karatasi, mafurushi kwa mafurushi. Akanitazama, akayatazama, akanitazama tena.

"Dada, hii mirungi?"

"Mikarafuu."

Akainua furushi moja, akanusa. "Karafuu naijua, bibi yangu anaweka kwenye chai. Hii mbona inanukia harusi?"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, nikamwambia ni buibui langu hilo, mama kalifukiza. Akalinusa tena furushi, akatikisa kichwa. Akasema mimea ina mtu wake, na mtu wake amekwenda Moa mazikoni, nimsubiri. Dereva wa basi alisubiri kidogo kwa kunung'unika, kisha akanishushia begi akaenda zake.

Nikakaa kwa mama mmoja wa Kidigo anayeuza chai na viazi vya karai. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuacha kukaanga.

"Hayo majani unayapeleka wapi?"

"Ulaya, mama."

"Kwani Ulaya hawana majani?"

"Wanayo, ila si haya. Wanayatazama kwa mwanga, tujue mti upi unaumwa."

"Wakishayatazama watakurudishia?"

"Hapana."

"Basi wamekupunja," alisema, akaniongezea kiazi na ukwaju mwingi, bure, kwa kunisikitikia.

Mwenye mimea alirudi na bodaboda, bado na vumbi la makaburini, akatazama boksi mara moja tu, akasema, "Nenda, mwalimu." Basi lilikuwa limeshafika Mombasa zamani. Aliyenichukua ni Elia, dereva wa Maramba aliyekuwa na Fuso la machungwa. Kutoka pale hadi Likoni aliimba nyimbo za kanisani kwa Kishambaa, sauti nzuri kabisa, na katikati ya ubeti ananimenyea chungwa kwa mkono mmoja. Nilimwomba atazame barabara. Akaniambia barabara inamjua.

Angani

Hapa hapana kitu. Ndege, subira, ndege, subira. Nilikula wali uliopikwa na mtu asiyeupenda. Jirani yangu mmoja, mama wa Kihabeshi, aliniinamia begani, akavuta pumzi, akaniuliza kwa ishara kama ninatoka kuolewa.

Vilnius

Jurgita alinipokea uwanjani. Miaka yote ile nilikuwa nimemwona kuanzia mabegani kwenda juu. Alinipa mkono, akanipima kwa macho, akasema, "Wewe ni mfupi." Huko kwao, nilikuja kujua, hayo ni mapokezi mazuri. Rupali alikuwa nyuma yake, na yeye alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

Wakanipeleka kula. Ilikuwa majira yao ya joto, joto la kuvaa sweta, na jua linakawia kuzama hata sala yangu ya isha ikawa shughuli. Likaletwa bakuli la kitu cha rangi ya waridi, kimepoa, kinapendeza. Nikasema moyoni, wenzetu wana faluda kabla ya chakula. Nikajaza kijiko nikakitia chote mdomoni. Ilikuwa supu baridi ya mtindi, bitiruti na tango, ina chumvi na ukali wake. Sikuitema. Jurgita alikuwa ananitazama kwa makini kama anayetazama kipimo, akaniuliza nimeipendaje. Nikasema, "Imenishangaza." Akaniagizia bakuli la pili.

Asubuhi tukaingia maabara. Sitawaeleza mashine, mtalala. Chumba kina giza, tumevaa miwani ya kinga, mwali mwembamba unaligusa jani, na kwenye kompyuta unachorwa mstari wa mwanga ambao jani limeutoa. Tulianza na jani la mti uliokwisha kufa, ambao ami alikuwa ameukata mwenyewe. Tukaweka la mche mdogo ambao kila mtu anajua ni mzima. Mistari ikatoka sawasawa. Bluu imepanda juu, vilevile, kwenye mfu na kwenye mzima.

Jurgita akarudia. Akabadilisha jani, akasafisha vioo, akarudia tena. Mwishowe akavua miwani.

"Hii si karafuu," alisema. "Kuna kitu juu ya majani yako."

Tukajaribu kuosha moja kwa spiriti, likatoka uchafu na rangi ya jani pamoja, tukaliharibu. Siku ikaenda, na nyingine nayo ikaanza kwenda. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliona haya mbele ya wanawake waliopigania nafasi ile kwa ajili yangu, na kila nikifumba macho namwona ami ameshika ngazi. Nitarudi nimtazame usoni nimwambie nini? Kwamba nimekwenda kula supu?

Ni Rupali aliyefungua furushi jipya mchana ule, akaliinua kuliweka mezani, akasimama. Akaliweka puani. Akafumba macho.

"Agaru," alisema. "Zuhura, huu ni udi. Shangazi yangu anaukamua mafuta. Mti wake unaota nyuma ya nyumba yetu."

Nikalichukua furushi. Nilikuwa nimeizoea harufu ile mwilini mwangu tangu Tanga, nguo zangu zote zilikuwa nayo, hata sikuisikia tena. Sasa niliisikia. Nikaiona sebule ya mama, chetezo, kikapu kimepinduliwa. Nikatoka nje na simu.

"Mama, yale majani ya Pemba. Uliyafanya nini?"

"Niliyafukiza," alisema mama, bila wasiwasi wowote. "Yalikuwa yananuka uvundo wa boti, mwanangu. Ningeyaachaje yaende ugenini vile? Watu watasema huyu mtoto hana kwao."

"Uliyafukiza yote?"

"Karatasi kwa karatasi. Nibague kwa nini?" Akashusha sauti. "Kwani wamesema yananuka?"

Nilianza kucheka, na kabla sijamaliza kucheka nikawa nalia, pale ukumbini, chini ya picha za maprofesa wao waliokufa. Nililia kwa sababu ya wiki yetu inayopotea. Nililia pia kwa sababu nilikuwa mbali, na mtu mmoja alikuwa amekaa chini na chetezo, anafungua karatasi moja moja ili mimi nisidharaulike. Marehemu bibi naye alikuwa akitufanyia hivyo hivyo, siku ya kuvuka kurudi Tanga, hata viatu alivifukiza. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Uani, nyuma ya maabara

Niliporudi ndani nilidhani watakuwa wamekasirika. Rupali alikuwa ameshika kalamu.

"Udi unatoa bluu," alisema. "Je, nyekundu unatoa?"

Hakuna aliyejua. Ukiujua mwanga wa udi peke yake, unaishia wapi, basi chochote kilicho ng'ambo ya hapo ni cha jani. Tulihitaji udi mtupu, uliofukizwa juu ya kioo safi. Wote wawili wakanigeukia. Nikaenda kufungua begi langu, na kweli, ndani ya soksi, mama alikuwa ameweka vipande vya udi kwenye leso, kwa ajili ya Ijumaa.

Mkaa ulitoka kwenye buti la gari la Jurgita, ambaye huchoma nyama ziwani kila mapumziko. Ndani ya jengo moshi haukuruhusiwa, kwa hiyo tukatoka uani, nikawasha mkaa kwenye bati la keki, nikaweka udi, na juu yake tukapanga vioo. Jurgita, na ukali wake wote, alipiga magoti kwenye nyasi akipepea kwa ripoti ya mtu. Rupali akasogeza nywele zake kwenye moshi, na mimi nikalitandaza buibui langu. Hayo hatukuyaandika kwenye utafiti.

Akatokea mlinzi wa jengo, mzee mnene, anakimbia na mtungi wa kuzimia moto. Alipotuona akasimama. Akavuta harufu, akavua kofia, akamwuliza Jurgita kitu kwa sauti ya chini. Jurgita akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia.

"Anauliza nani amekufa," alinitafsiria. "Kanisani kwao moshi wa namna hii ni wa jeneza."

"Mwambie hakuna aliyekufa," nikasema. "Mwambie kwetu ni wa harusi, na wa mgeni, na wa mtoto anayesafiri."

Mzee akasikiliza, akafikiri, akakaa kwenye ngazi. Hakuondoka mpaka udi ulipokwisha. Kisha akaenda kibandani kwake akaturudia na mkate mweusi na matango ya chumvi, tukala kwa mikono, wote wanne, bila lugha moja ya pamoja. Nikiulizwa leo nimekumbuka nini Ulaya, nakumbuka mkate ule.

Vioo vikasema wazi. Udi unang'aa kwenye bluu, unateremka, na kwenye nyekundu umenyamaza kimya. Tukaiacha bluu yote kwa mama yangu, tukatazama nyekundu tu. Mstari wa mti mfu ukasimama kwake na wa mche mzima ukasimama kwake. Tulifanya kazi siku zote zilizobaki. Furushi baada ya furushi, mzima, mzima, mgonjwa, mzima. Jurgita hakuwa na Kiswahili chochote, ila alijifunza kusoma majina niliyoandika kwenye karatasi, na siku ya kwanza kabisa alikuwa ameniuliza hili kubwa ni la nani. Nilikuwa nimemweleza.

Zamu ya furushi lile ilipofika aliligusa kwa adabu. Akapima. Akapima tena jani jingine, na jingine. Rupali akasogea karibu yangu.

"Bibi anaumwa," alisema Jurgita.

Nilimwomba arudie. Alirudia mpaka majani yenyewe yakaisha. Mara ya mwisho alinigeukia, na mtu yule asiyejua kubembeleza alinivua miwani usoni kwa mkono wake, akanipa kitambaa.

Kurudi

Njia ya kurudi niliijua, na kwa hiyo ilikuwa fupi. Mama aliniuliza jambo moja tu, huku ananipakulia.

"Walisemaje kuhusu ile harufu?"

"Walisema inanukia, mama. Mpaka mlinzi alivua kofia."

"Nilijua," alisema, na nikamwachia furaha yake.

Sikukaa. Nikapanda boti ya kwanza kwenda Wete. Ami aliniona toka mbali nikija na njia ya shamba, na hakunipungia. Akaniambia kwanza nile. Bi Mize, mke wake, alikuwa amepika ndizi na papa kwenye jiko lake la kuni, pale jikoni nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha Bibi. Nilikula ninavyoweza. Ami alisubiri nikanawa mikono.

"Haya," alisema.

Nikamtazama usoni kama alivyotaka. "Ami, mingi ni mizima. Mitatu ya upande wa kisima ni migonjwa." Sikuyaondoa macho. "Na Bibi ni mgonjwa."

"Wa kijani vile."

"Wa kijani vile, ami. Tumepima mpaka majani yakaisha."

Akainua macho kuutazama mti. "Na hao wenzako, wanajua tumewauliza nini?"

"Wanajua. Mmoja alinipa kitambaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda kusali alasiri, na alipomaliza akatoka kuwaita jirani zake.

Walikata asubuhi. Msumeno aliuanza yeye, hakumruhusu mtu mwingine, kisha vijana wakampokea. Bi Mize hakutoka kutazama. Alikuwa jikoni anawapikia wakataji. Mti ulipokwenda chini tulisogea, na ndani ya shina, kuanzia mizizi kwenda juu, mti ulikuwa umegeuka kahawia, umeoza kimyakimya. Ami akaweka kiganja pale. "Ahsante," aliniambia.

Hapo tukamsikia Bi Mize. Jua lilikuwa limeingia jikoni. Toka siku alipoletwa bi harusi katika nyumba ile hajapata kupikia juani. Alikuwa amekinga mkono usoni, anasogeza kibao chake kwenye kona, jua linamfuata, anakisogeza tena kona nyingine.

"Faki," aliita, amefumba macho. "Faki, sasa nikae wapi?"

Ami alikuwa bado ameshika msumeno.